Kitoa moshi cha treni ya mfano: jinsi ya kukilisha, kukitunza na kukifufua

Kichwa changu cha kwanza cha treni chenye moshi kilitoa moshi siku tatu tu. Siku ya nne, Jumapili baada ya chakula cha mchana, nilikiacha kikizunguka reli zake mezani nikaenda kuwafungulia wageni mlango. Tukasalimiana, chai ikamiminwa, mazungumzo yakanoga. Nilipokumbuka kurudi chumbani, harufu ilinipokea mlangoni, harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Treni ilikuwa inazunguka vizuri tu, ila dohani yake imenyamaza. Nilipokifungua kichwa nikakuta utambi umekauka mweusi, mgumu kama ukoko wa wali, na rizista, kile kipande cha umeme kilichokuwa kikiupasha joto, imepasuka katikati.

Tangu siku hiyo nimefungua vitoa moshi vingi, vyangu na vya marafiki, na vingi kati ya hivyo vilikufa kifo hicho hicho: viliachwa vikawaka vikiwa vikavu. Vilivyobaki vilikuwa na ugonjwa wa upande wa pili, vimenyweshwa mafuta mpaka vikapaliwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni habari ya matone: mangapi, lini, na ufanye nini ukikosea hesabu.

Una aina gani?

Usinunue mafuta wala usiguse bisibisi kabla hujajua kilichomo chini ya dohani.

Kwenye vichwa vingi vya skeli ya HO, yaani 1:87, hasa vya Ulaya, utakuta kijibomba. Kampuni ya Kijerumani ya Seuthe ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hii, na vijibomba vyake huingia kwenye vichwa vya Märklin na vya watengenezaji wengine wengi. Kwa nje ni mrija mfupi wa chuma unaoshushwa ndani ya dohani. Ndani yake kuna mrija mwingine mwembamba sana, umezungushiwa waya wa kupasha joto. Mafuta huingia kwenye huo mwembamba kwa chini, yanachemka, na mvuke wake unajisukuma juu na kutoka kama moshi. Ukiinama utazame kwa karibu utaona moshi unatoka kwa pumzi fupi fupi, kama birika inayokaribia kuchemka ikitikisa kifuniko chake.

Treni kubwa za Kimarekani, zile za reli ya O, zina mpango mwingine: kichumba cha chuma, ndani yake utambi uliolowa mafuta, na rizista au waya wa joto unaoukausha utambi huo polepole. Kampuni ya Kimarekani ya Lionel ilianza kuuza vichwa vyenye moshi mwaka 1946, na cha kwanza kilitumia balbu ya taa: ulidondosha kidonge juu ya balbu na joto lake likakifanya kitoe moshi. Mwaka uliofuata waliiacha balbu wakahamia waya wa joto. Pumzi ya moshi ilitokana na pistoni ndogo iliyosukumwa na mkono uliofungwa kwenye magurudumu, kwa hiyo treni ikisimama, moshi nao ulipungua. Ukirithi kichwa cha miaka hiyo, angalia kwanza mkono huo kama bado unapanda na kushuka. Mara nyingi umeganda kwa grisi iliyokauka, na hapo tatizo si la moshi kabisa.

Aina ya tatu ni ile ya pili iliyoongezewa feni. Vichwa vya Lionel vya miaka ya karibuni, na vya kampuni nyingine ya Kimarekani, MTH, hutumia feni ndogo inayoendeshwa na mota yake yenyewe, nayo bodi ya umeme huiwasha na kuizima kwa kufuata magurudumu. Kichwa halisi cha mvuke chenye silinda mbili hupuliza mara nne kila gurudumu kubwa linapozunguka mara moja, na bodi nzuri inaiga hesabu hiyo: pufu nne, mzunguko mmoja. Ndiyo maana hiki ndicho kinachopendeza zaidi kukitazama. Ndicho pia chenye vitu vingi zaidi vya kuharibika.

Waliowahi kusimama kando ya kichwa cha mvuke kiitwacho Mount Gelai, namba 5918, kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi, wanajua kwamba vichwa vile vya aina ya Garratt, vya daraja la 59, vina injini mbili chini ya bwela moja. Pufu za upande mmoja na za upande wa pili zilikuwa zinapatana kisha zinaachana, tena zinapatana. Sijaona kitoa moshi cha mfano kinachoiga hilo sawasawa.

Umeme kabla ya mafuta

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoumia kuliko Mmarekani aliyeziandika zile karatasi za maelekezo. Treni nyingi za mtumba zinazotufikia kutoka Marekani huja na transfoma yake ya volti 120. Ukutani kwako Kenya kuna volti 240, Tanzania 230. Plagi ukiilazimisha kwa adapta ya umbo, ile inayobadilisha miguu tu, utaiua transfoma kwa sekunde chache na pengine kuwasha moto. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, ya 240 kwenda 120, yenye wati zaidi ya zilizoandikwa chini ya transfoma ya treni. Hata hivyo mizunguko ya umeme wetu ni 50 kwa sekunde na yao ni 60, na transfoma ya zamani iliyotengenezewa 60 hupata joto zaidi ikilishwa 50. Iwekee mkono kila baada ya muda. Ikikufanya uuondoe mkono, pumzika. Transfoma za Ujerumani hazina shida hii.

Baada ya hapo linganisha volti za kitoa moshi na volti za reli zako. Vijibomba vya HO hutengenezwa kwa volti tofauti, na namba imeandikwa kwenye pakiti. Kilichokusudiwa treni za kawaida, zile ambazo unaongeza volti ili treni ikimbie, hupata volti chache muda mwingi na kamili mara moja moja. Ukikiweka kwenye reli za dijitali, ambazo hubeba volti zote muda wote hata treni ikiwa imesimama, kitaungua hata kama una mafuta. Kwa treni kubwa za bustani za kampuni ya LGB tofauti ni kubwa zaidi: wana vya volti 5 na wana vya volti 18 na 24, na kwa macho vinafanana.

Mafuta ya moshi ni yapi

Nunua chupa iliyoandikwa kuwa ni ya treni za mfano. Ndani ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana, ndugu wa mafuta safi ya taa za mapambo, mengine yametiwa harufu ya makaa au ya msonobari. Chupa ndogo inadumu miaka.

Najua utakachoniuliza, maana nilishaulizwa mara nyingi: mafuta ya taa je? Hapana. Mvuke wa mafuta ya taa unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi za joto, na kitoa moshi ni moto zaidi ya hapo kwa mbali. Dizeli inanuka na kuacha lami. Mafuta ya cherehani yanatoa moshi kidogo, kisha yanaacha gundi ya kahawia inayoziba kila kitu. Mafuta ya kupikia usiyataje.

Jambo moja kabla hatujafungua chupa. Mafuta haya ni mepesi, na mtoto akiyanywa hatari kubwa iko kwenye mapafu kuliko tumboni: tone dogo likiingia kwenye njia ya hewa linaweza kuleta nimonia kali. Kwa hiyo usiyahamishie kwenye chupa ya soda au ya maji, kosa lile lile tunalolijua kwa mafuta ya taa. Akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali na chupa mkononi.

Kulisha

Zima umeme wote. Weka kichwa kimesimama wima juu ya reli au juu ya taulo.

Kwa kijibomba cha HO tumia sirinji yenye sindano butu au kidondoshi chembamba. Jaza nusu tu. Nusu ya mrija, na kwa vijibomba vingi hiyo ni matone machache sana, mawili, matatu, manne. Ule mrija mwembamba wa ndani lazima kichwa chake kibaki nje ya mafuta, maana ndiko moshi unakotokea. Ukiujaza mpaka juu umeufunika mdomo, na kitakachotoka ni mate: matone ya moto yanayorukia juu ya paa la kichwa na kuchafua rangi. Ukishajaza, gonga dohani kwa ukucha mara mbili tatu ili kiputo cha hewa kilichokwama kipande. Kiputo kikibaki chini, waya unachemsha hewa, nawe unadhani kifaa kimekufa.

Umezidisha? Usiwashe ili yapungue yenyewe. Chukua kipande cha tishu, kisokote kiwe chembamba kama utambi wa mshumaa, kishushe kwenye dohani, subiri, kitoe. Rudia mpaka mafuta yafike nusu. Sirinji nayo inanyonya vizuri.

Kwa treni za O zenye utambi hesabu ni nyingine. Utambi mpya au uliokaa muda mrefu unahitaji matone 15 hadi 20 mara ya kwanza. Dondosha matano, subiri yazame, dondosha mengine. Kisha weka mdomo juu ya dohani upulize taratibu mara moja, kama unayepoza uji, ili hewa iliyonaswa itoke na mafuta yasambae. Usivute pumzi ukiwa bado umeinama hapo. Baada ya hapo ongeza matone kama 10 kila moshi unapoanza kupungua. Ukiona mafuta yanavuja chini ya kichwa na kutengeneza duara reli inapopita, umezidisha. Kipindue juu ya taulo, kiache dakika kadhaa, kifute.

Kuendesha

Washa, ukikipa kitoa moshi dakika moja hivi kupata joto. Cha HO kwenye treni za kawaida hakitaonyesha kitu mpaka treni ipate mwendo kiasi, kwa sababu mwendo mdogo ni volti ndogo. Huo si ugonjwa. Usikisukume kwa kuongeza mafuta.

Fungua dirisha. Moshi huu ni ukungu wa mafuta, na unapotoweka machoni haujaenda popote: umetua kwenye reli, kwenye fanicha na kwenye pua yako. Mwenye pumu asikae chumba kimoja nao. Feni ya darini izime wakati unataka kuutazama, la sivyo hutaona pufu hata moja, kisha iwashe ukimaliza.

Kazi yako kubwa hapa ni saa. Kijibomba kilichojazwa nusu kinamaliza mafuta kwa dakika chache tu. Usikisie: siku ya kwanza pima kwa simu tangu moshi uanze mpaka upungue, andika dakika hizo kwenye karatasi ubandike ndani ya boksi la kichwa. Changu kimoja kinakwenda dakika sita, kingine karibu kumi, na ni aina moja. Ukishajua dakika zako, zima au ongeza kabla hazijaisha. Moshi ukipungua ghafla au ukianza kuwa wa rangi ya bluu na wenye harufu kali, umechelewa. Zima sasa hivi, siyo baada ya mzunguko huu.

Vichwa vingi vina njia ya kuzima moshi bila kusimamisha treni. Kwenye vingi vya O ni swichi ndogo chini ya tumbo. Kwenye vya dijitali ni kitufe cha kazi kwenye kidhibiti. Ukiwa na mazungumzo, wageni au chakula jikoni, moshi uzime. Treni iendelee.

Stima ikipotea katikati, zima swichi ya moshi kabla hujainuka kwenda kutafuta tochi. Umeme ukirudi usiku wa manane na transfoma iko wazi, kichwa kilichosimama kitajichoma peke yake gizani.

Kuweka

Hapa aina hizi zinatofautiana, na watu huchanganya. Kijibomba cha HO kinyonye kikauke kabla ya kukirudisha kwenye boksi, maana mafuta yaliyobaki yanaganda na kuziba mrija mwembamba. Utambi wa O ufanyie kinyume: uuache na unyevu. Ukishazima kwa mara ya mwisho dondosha matone kama 10, uweke kichwa wima. Ukikitoa baada ya miezi, utambi hautakuwa mkavu hata ukisahau kuulisha. Utasahau.

Hakitoi moshi

Anza na la bei rahisi. Mafuta yapo? Yamezidi? Swichi imewashwa? Nimewahi kuletewa kichwa "kilichokufa" ambacho swichi yake ilisukumwa na sponji ya boksi.

Kwa kijibomba cha HO, kivute nje ya dohani kwa mkono na utazame chini yake. Mara nyingi umeme unaingia kupitia springi ndogo iliyo chini, na mwili wa kichwa ndio njia ya kurudi. Springi ikipata kutu au ikilegea, hakuna joto. Futa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, inyanyue kidogo kwa kibanio. Bado? Weka mita ya umeme kwenye omu na uguse ncha mbili za kijibomba. Ikisoma namba, waya wa ndani ni mzima na tatizo ni umeme au uchafu. Isiposoma kitu, waya umekatika, nunua kingine. Hakuna anayekarabati vijibomba hivi, na hakuna sababu.

Mrija mwembamba ukiziba, kuna wanaoupitisha waya. Fanya hivyo kikiwa baridi kabisa, kwa waya mwembamba kuliko nywele ya brashi ya viatu, na bila nguvu. Ukisikia kimekwama, acha. Mara nyingi mafuta safi machache yakiachwa humo usiku mmoja yanalainisha uchafu bila wewe kuchokora.

Kwa chenye feni, sikiliza kwanza. Kichwa kikiwa kimesimama na moshi umewashwa, sogeza sikio. Ukisikia mlio mwembamba wa feni lakini moshi hakuna, rizista au utambi umekwisha. Feni ikiwa kimya na kuna moshi mzito unaojikokota nje ya dohani bila pufu, feni imeganda. Hiyo ya pili usiiache iendelee, kwa sababu joto lisilosukumwa nje linabaki ndani na kuchoma utambi.

Kubadilisha rizista na utambi

Hii ndiyo kazi inayostahili jioni yako moja. Ukiifanya mara ya kwanza kwa saa mbili, mara ya tatu utaifanya kwa nusu saa.

Piga picha kwa simu kila hatua. Fungua skrubu zilizoshika ganda, mara nyingi zipo chini, moja mbele na moja au mbili nyuma. Inua ganda polepole. Nyaya za taa ya mbele huwa fupi. Kitoa moshi utakiona mbele, kisanduku cha chuma kilichofunikwa kwa sahani yenye skrubu ndogo. Fungua sahani. Kwa kawaida rizista imeshikwa kwenye sahani hiyo au imelala juu ya utambi ndani ya kisanduku.

Pima rizista kabla ya kuikata. Kwenye vichwa vya O utakuta thamani mbalimbali, na moja iliyo ya kawaida kwenye vichwa vingi vya zamani kidogo ni omu 27. Zipo pia zenye rizista mbili za omu 16 zilizofungwa sambamba, ambazo kwa pamoja zinakuwa omu 8. Nunua namba ile ile. Fanya hesabu uone kwa nini nasisitiza. Volti 16 kugawa kwa omu 27 ni ampea 0.59, na hiyo ni karibu wati 9.5 za joto. Mtu akiamua "kuongeza moshi" kwa kuweka omu 8 mahali pa 27, ampea zinakuwa 2 na wati zinakuwa 32. Kisanduku kidogo kama kiberiti hakivumilii wati 32. Kabla utambi haujawaka, bodi imeshakufa, na bei ya bodi ni kubwa mno kuliko ya rizista.

Rizista iwe ya kauri, ya waya uliozungushwa, inayostahimili joto, ya ukubwa ule ule. Luthuli Avenue, Nairobi, zipo, uliza za wati 3 au 5 kufuatana na iliyotoka, na beba ya zamani mfukoni umwonyeshe muuzaji. Zile ndogo za kaboni zenye mistari ya rangi zitafuka mara moja tu.

Kulehemu kuna mtego wake. Risasi ya kawaida ya mafundi wa redio huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na miguu ya rizista hii inaweza kufika huko. Ukitegemea risasi peke yake, kiungo kitaachia siku moja treni ikiwa kwenye kona. Kwa hiyo sokota kwanza mguu wa rizista na waya kwa koleo, mizunguko mitatu iliyokaza, ndipo ulehemu juu yake. Acha miguu mirefu kidogo ili kiungo kiwe mbali na mwili wa rizista. Usifunike kwa tepu ya plastiki, itayeyuka; tumia mfuko wa nyuzi za kioo, ule wa nyaya za pasi na majiko ya umeme. Fundi wa pasi atakukatia kipande.

Sasa utambi. Toa wote wa zamani, hata ulioshikamana kwenye kona, kwangua kwa kijiti cha meno. Sehemu nyeusi iliyoganda hainywi tena mafuta, na kuweka mpya juu yake ni kujidanganya. Utambi mpya uwe wa nyuzi za kioo. Pamba hapana, hata ile nzito ya jiko la mafuta ya taa, kwa sababu pamba ikikauka huungua, na huku tumeshakubaliana kwamba siku moja itakauka. Kamba ya nyuzi za kioo inayozibia milango ya majiko ya kuni inafaa, mradi haina waya ndani. Vaa glavu na ufunike pua unapoichambua, nyuzi zake zinawasha siku nzima.

Ichambue iwe laini kama sufi ya mto, kisha iweke kisandukuni bila kuishindilia. Inapaswa kuwa chini na kando ya rizista, ikiigusa kidogo. Ikishindiliwa, hewa haipiti. Ikiwa mbali, haipati joto. Tundu la feni na tundu la dohani yaache wazi kabisa. Nilishawahi kuziba la feni kwa uzi mmoja tu uliolegea, nikatumia saa nzima kutafuta ugonjwa.

Kabla ya kurudisha sahani, zungusha feni kwa kijiti cha meno. Ikizunguka bure, sawa. Ikikwama, futa mafuta yaliyonata kwa spiriti, iache ikauke, kisha weka tone moja la mafuta mepesi kwenye ekseli ya mota, tone la ncha ya sindano. Gasketi kati ya kisanduku na feni ikiwa imepasuka ibadilishe, maana ndiyo inayozuia mafuta yasishuke kwenye mota.

Dondosha matone 15, rudisha sahani, na ujaribu kabla ya kuvisha ganda. Dakika mbili zinatosha. Unatazama mambo matatu: moshi unatoka juu pekee, hakuna waya unaogusa chuma cha kisanduku, na kiungo ulicholehemu hakibadiliki rangi. Yakiwa sawa, vika ganda, na hakikisha dohani ya ganda imekaa juu ya tundu la kisanduku bila kupishana. Ikipishana hata milimita mbili, moshi unazunguka ndani ya ganda na kutokea kwenye madirisha ya dereva, na treni itaonekana kama inaungua.

Kwa wa dijitali wa HO

Dikoda ni kibodi cha ndani ya kichwa kinachopokea amri za kidhibiti. Nyingi ndogo zina njia za kazi zinazobeba umeme kidogo, nacho kijibomba peke yake kinaweza kula zaidi ya hapo. Soma karatasi ya dikoda kabla ya kukiunganisha kwenye njia ya taa. Kama njia ni dhaifu, weka rilei ndogo, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, katikati: dikoda iiwashe rilei, rilei ikilishe kijibomba. Ni kazi ya dakika ishirini na inaokoa dikoda ya maelfu ya shilingi. Na ganda la plastiki likiwa na dohani ya plastiki tupu isiyo na kikombe cha chuma ndani, usilazimishe kijibomba humo. Kitailainisha mpaka ilale upande kama mshumaa ulioachwa juani.

Reli baada ya moshi

Siku ya moshi reli zitakuwa na utando wa mafuta. Dalili ya kwanza ni taa za mabehewa kupepesa, kisha magurudumu ya kichwa kuteleza mlimani. Futa reli kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilichotiwa alkoholi ya isopropili, halafu geuza kichwa ufute magurudumu. Mipira ile ya mshiko iliyo kwenye baadhi ya magurudumu ifute kwa kitambaa kikavu tu, na ikiwa imevimba au imelegea ibadilishe. Ganda nalo lipitishie kitambaa laini kuzunguka dohani kila mara, kwa sababu mafuta yaliyokaa hapo yanakusanya vumbi letu jekundu, na likishashika halitoki bila kuondoka na rangi.